Ukurasa wa Pili

Kidalu, Iramba
9 Desemba 2023

Kwako mdogo wangu Mwalimu Eliana,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mvua imeanza vizuri, na Mama anaendelea na magoti yake na malalamiko yake, yote mawili yana afya njema. Wifi yako Stumai anakusalimu sana. Kitenge ulichomtumia kimemkaa mpaka majirani wanamuuliza fundi ni nani, naye anaringa hataki kumtaja.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Mtandao huku bondeni mpaka upande kwenye jabali lililo juu ya shamba la mzee Abraham, na shida yangu inataka mchoro. Mchoro hausemeki kwa simu, ndiyo maana nimeuchora nyuma ya karatasi hii.

Lile gurudumu la maji mlilonicheka Krismasi iliyopita nimelimaliza. Lina mita tatu kutoka juu mpaka chini, mbao za mninga, ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe na beringi za lori lililofia Kiomboi. Maji ya korongo nimeyaleta kwa mfereji mpaka juu yake, yanajaa kwenye visanduku vya mbao, visanduku vinashuka, gurudumu linazunguka. Upande wa pili wa ukuta, kibandani, kuna puli na mkanda unaozungusha jiwe la kusagia. Ile mashine ya dizeli iliyotutesa miaka sita sasa kuku wanatagia ndani yake.

Tatizo ni kwamba linakwenda kwa kushtuka. Punje zikiingia nyingi chini ya jiwe linalegea mpaka karibu lisimame, zikipungua linakimbia kama limeona nyoka. Unga unatoka nusu vumbi nusu chenga. Juzi mama mmoja kaniambia unga wangu unafaa kwa kuku, tena kuku wenyewe wawe na njaa.

Uzuri wake ni mmoja. Linasimama kirahisi. Stumai akifunga mlango wa maji anatembea hatua zake kumi na tano mpaka kibandani, anaweka kiganja juu ya mkanda, linatulia pale pale kama ndama. Hiyo ndiyo breki yetu. Sasa wewe uliyesomea mambo haya niambie nimekosea wapi.

Barua nampa kondakta wa basi la Singida, ataiacha pale Ihanja kwenye duka la dawa.

Kaka yako,
Gervas


Ihanja, Ikungi
28 Desemba 2023

Kaka Gervas, shikamoo.

Natumaini mmekula sikukuu salama. Mimi nimebaki shuleni na wanafunzi wa kidato cha nne watarajiwa, na nimekula wali wa bwenini, usimwambie Mama. Mwambie shikamoo yake ipo na dawa ya magoti nitaituma. Msalimie wifi.

Barua yako imenifurahisha kuliko zawadi. Nimewasomea wenzangu ofisini ile ya kuku na njaa.

Kaka, gurudumu lako si bovu, ni jepesi mno. Maji yanalizungusha kwa uzito wake na kwa umbali wake kutoka kwenye ekseli, na hapo hujakosea, maji yanaingia juu na upana unatosha. Lakini maji yanasukuma kwa kiasi kile kile wakati jiwe linadai zaidi sasa hivi na kidogo baadaye. Gurudumu linahitaji ghala la mwendo, liweke akiba jiwe likiwa jepesi na kuitoa jiwe likiwa zito. Ghala hilo ni uzito, na uzito huo uwekwe ukingoni, usiuweke katikati. Kilo moja ukiipeleka mara mbili zaidi kutoka kwenye ekseli, ubishi wake wa kubadili mwendo unakuwa mara nne. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka niwashikishe ringi ya baiskeli inayozunguka na kuwaambia waisimamishe.

Chukua makopo kumi na mawili ya lita kumi, yajaze saruji, yafunge kwa bolti ukingoni kwa nafasi sawa. Kila kopo likabiliane na mwenzake, la sivyo gurudumu litayumba na kula beringi.

Ukifanya hivyo halitashtuka tena. Lakini gurudumu lenye akiba ya mwendo haliachi kwenda kwa sababu tu maji yamefungwa. Hilo nimelieleza ukurasa wa pili, pamoja na mchoro wa breki. Usilizungushe kabla hujausoma.

Mdogo wako,
Eliana


Kidalu
11 Februari 2024

Mwalimu wetu Eliana,

Salaam. Mama amepokea dawa, anasema ni ya kupaka wazungu, lakini anaipaka. Watoto wamefungua shule. Stumai anasema usimsahau.

Mdogo wangu, umeniheshimisha. Makopo kumi na mawili, saruji mifuko mitatu, bolti nimetengenezewa na Calist yule mchomeleaji. Siku ya kwanza gurudumu lilikataa kuanza, nikadhani umeniua. Likajivuta, likajivuta, halafu likashika mwendo, na tangu hapo linakwenda kama mtu anayejua anakokwenda. Nikimwaga debe zima la mahindi halishtuki. Unga mlaini, mama yule wa kuku amerudi na magunia mawili.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nilikuwa na swali moja dogo, lakini kazi imekubali, nimeliacha.

Siku hizi kibanda ni cha Stumai. Mimi nimerudi kwenye milango na madirisha yangu. Amekuwa msagishaji kweli, unga kichwani mpaka nyusi, na watu wa Kijiji cha Juu wanamwita Mama Gurudumu.

Kaka yako mwenye furaha,
Gervas


Kidalu
19 Machi 2024

Eliana,

Salaam. Mama hajambo. Watoto hawajambo.

Nilikupigia Jumanne ya wiki iliyopita mara tatu kutoka kwenye jabali, hukupokea, kwa hiyo naandika.

Stumai ameumia. Ilikuwa Jumatatu ya tarehe kumi na moja. Mahindi yalikuwa yamekwisha kwenye jiwe. Alifunga maji, akaenda kibandani, akaweka kiganja juu ya mkanda kama siku zote. Anasema mkanda ulikuwa unakwenda pole pole, pole pole kabisa. Haukusimama. Ulichukua mkono wake ukaupeleka kwenye puli. Mimi nilikuwa naranda mbao nje, nilisikia sauti yake mara moja tu.

Hospitali wamekata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Amebaki na gumba na kidole cha mwisho.

Kaka zake walifika Jumamosi kutoka Itigi kuuliza habari za dada yao, kama ilivyo haki yao, tukakaa nao pamoja na wazee wetu. Wakauliza kama mtu aliyeshauri yale makopo alitoa tahadhari yoyote. Nikawaambia ndiyo, dada yangu mwalimu aliandika kurasa mbili, ila ule wa pili Stumai aliuwashia moto wa jikoni kabla sijausoma. Wazee wakatikisa vichwa. Kaka zake wakainamisha macho.

Stumai alikuwepo, amekaa mkekani na bandeji. Hakubisha.

Gervas


Ihanja
6 Aprili 2024

Kaka Gervas, shikamoo.

Poleni sana. Mpe wifi pole yangu nyingi, mwambie namwombea. Nimempa kondakta kifurushi: kuna sukari, sabuni ya maji, na blauzi mbili zisizo na vifungo ili asihangaike kuvaa. Huku ni wazima. Mvua imebomoa choo cha walimu, tunatumia cha wanafunzi.

Ile Jumanne simu ilikuwa kwenye chaji ofisini.

Utajiuliza kwa nini halikutokea mwezi wa pili. Nadhani ni kwa sababu siku zote mlifunga maji jiwe likiwa bado na punje. Punje ndizo zilizokuwa breki yenu, zilikula mwendo wote kabla wifi hajafika kibandani. Siku ile jiwe lilikuwa tupu, hapakuwa na kitu cha kuula. Gurudumu jepesi likienda pole pole limechoka. Gurudumu zito likienda pole pole bado lina nguvu nyingi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Mtu yeyote angekosea. Hata mimi ningekosea.

Kuhusu ile karatasi, naona tusiendelee kuisema. Imeshaungua, haitarudi. Tumtazame mgonjwa.

Mdogo wako,
Eliana


Kidalu
26 Mei 2024

Mdogo wangu Eliana,

Salaam. Mama anakusalimu. Mavuno ni ya wastani, alizeti imependeza kuliko mahindi. Yohana wetu amekuwa wa tatu darasani. Kifurushi kilifika, na blauzi zimefaa.

Mkono umepona kwa juu. Gurudumu nimelifunga kwa mnyororo, mfereji nimeuelekeza korongoni, na watu wanabeba mahindi yao mpaka Kiomboi tena.

Nikuambie jambo linalonitesa. Mwezi wa nne Stumai alimwomba Mama msamaha kwa kuunguza karatasi. Akamwomba mzee Abraham. Akaniomba mimi, amepiga magoti hapo penye randa langu. Mwanzoni hakuwa akisema kwamba anakumbuka. Alisema tu, "Kama mlivyosema." Sasa anakumbuka. Ananieleza karatasi yenyewe: ilikuwa na mistari ya buluu na mchoro pembeni, aliichana mara mbili akaisukuma chini ya kuni, na kuni zilikuwa mbichi. Ananieleza hata harufu yake. Mimi nasikiliza nikiwa nimegeukia ukutani, nashindwa kumtazama.

Mama naye hamsaidii. Chakula kikichelewa anatoa maneno ya Kinyiramba ambayo sitayaandika.

Wiki iliyopita Stumai ameondoka kwenda kwao Itigi na mtoto mdogo. Amesema anakwenda kupumzika. Amechukua na sufuria zake.

Eliana, nakuuliza, na ujibu kama unavyotaka. Ile bahasha ya mwezi wa kumi na mbili uliifunga wewe mwenyewe?

Gervas


Ihanja
30 Juni 2024

Kaka Gervas,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu. Hongera kwa Yohana. Mimi si mgonjwa, lakini siko sawa, na barua hii nimeianza mara nne.

Bahasha niliifunga mimi mwenyewe. Ukurasa wa pili haukuwemo.

Niliuandika kweli. Niliuandika siku ile ile, kwenye karatasi ya grafu, ile yenye miraba ya kijani, kwa sababu ya mchoro wa breki. Halafu nikauweka ndani ya andalio la somo ili wino ukauke, nikafunga bahasha na ukurasa mmoja, nikakimbilia basi.

Niliupata tarehe nne Machi, Jumatatu. Nilifungua andalio kufundisha kidato cha tatu habari ya mwendo wa kuzunguka, ukanidondokea mbele ya darasa. Kaka, ilikuwa wiki nzima kabla ya ajali. Ningeweza kumpa kondakta siku hiyo hiyo. Ningeweza kukutumia ujumbe, ungeukuta siku utakayopanda jabali. Nilijiambia kazi imekubali, amesema mwenyewe. Nilijiambia Ijumaa. Ukweli ni kwamba niliona aibu ujue mwalimu wa fizikia amesahau nusu ya barua yake. Ijumaa nikasahihisha mitihani.

Jumanne ya tarehe kumi na mbili simu haikuwa kwenye chaji. Ilikuwa mkononi mwangu. Niliona jina lako mara tatu, na sikupokea kwa sababu hujawahi kunipigia mara tatu, na nilijua.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Uliponiandikia kwamba Stumai aliunguza karatasi, karatasi ilikuwa mezani kwangu, chini ya barua yako. Nilijua pale pale kwamba umeongopa. Sikumwonea huruma Stumai. Nilishukuru. Nilisema asante Mungu, kwa sauti, na Redempta tunayekaa naye ofisi moja akaniuliza kuna habari njema gani. Halafu nikaandika ile barua ya Aprili, nikakuambia imeungua na haitarudi. Kila neno niliandika nikiitazama karatasi.

Wifi hawezi kukumbuka mistari ya buluu. Haikuwepo. Tumemfanya akumbuke kitu ambacho hakikutokea, wewe kwa kusema na mimi kwa kunyamaza, ili apate sababu ya mkono wake.

Karatasi yenyewe naiambatanisha. Mstari wa kwanza unasema: "Kabla ya yote, mwambie wifi Stumai asiweke tena kiganja kwenye mkanda." Nilikuwa nimeielewa barua yako ya kwanza, kaka. Ukurasa wote wa pili niliuandika kwa ajili ya mkono wake. Baada ya hapo inasema mfunge maji, mhesabu mpaka mia, kisha mtumie boriti na kamba kulibana gurudumu kwenye ukingo, maana ukingoni ndipo panaposhikika.

Nenda Itigi. Wasomee kaka zake hii pamoja na ya Aprili. Usiipunguze. Kama unaona aibu kuisoma niambie, nitakuja kuisoma mimi.

Eliana


Itigi
28 Julai 2024

Eliana,

Naandika nikiwa kwa wakwe zangu, nimekaa hapa siku ya tatu. Mama nimemwacha salama na watoto.

Na mimi nina langu. Bahasha niliifungua stendi ya Kiomboi, nimesimama, kabla sijapanda pikipiki kwenda nyumbani. Niliona ukurasa mmoja. Niliangalia ndani ya bahasha mara mbili, nikaangalia chini miguuni. Nilijua tangu siku ile kwamba kuna nusu sijaipata na kwamba umeniambia nisizungushe. Lile swali dogo nililokuambia nimeliacha ndilo hilo. Kuuliza ilikuwa ni wiki tatu za kusubiri na korongo limejaa, na nilishajitapa kwa watu kuhusu tarehe ya kuanza. Tena niliona aibu, fundi mzima kumuuliza mdogo wake mara mbili. Kaka zake walipouliza habari ya tahadhari, nilimtazama Stumai, nikaona ndiye mtu pekee pale ambaye hawezi kunikanusha, kwa sababu kila siku huwasha moto kwa karatasi. Nilimchagua. Haikunitoka tu mdomoni, nilimchagua.

Niliwasomea uani, kaka zake wote wawili, mama yao na Stumai. Nilianza na ya kwanza kabisa niliyokuandikia, nikasoma zote kwa mpangilio, zako na zangu, maana nakala zangu za rasimu ninazo. Nilipofika kwenye barua ya Machi kaka yake mkubwa aliinuka akatoka nje. Alirudi, akakaa mbali kidogo na mimi, akasema endelea.

Stumai alikuwa anachambua mchele, ungo ameuegemeza kwenye ule mkono. Hakulia. Nilipomaliza aliniuliza, "Na ile karatasi niliyounguza?"

Nikamwambia, "Haikuwepo."

"Lakini naikumbuka, baba Yohana. Nakumbuka kuni zilikuwa mbichi."

Nikarudia kwamba haikuwepo. Akautazama mchele. Kisha akasema, "Miezi minne nimeuambia mkono huu kwamba ulistahili." Hapo mama yake akaanza kulia, Stumai akamwambia anyamaze, aache tusikie.

Akaniuliza mmeandikiana barua ngapi. Nikahesabu, saba. Akauliza kati ya hizo saba ngapi zimeandikwa kwake. Nilibaki natazama zile karatasi mapajani mwangu. Pole nyingi umempa, salaam nyingi nimezipeleka, lakini tangu mwanzo mpaka mwisho mimi na wewe tumeandikiana habari zake kama watu wanaojadili beringi.

Nilimwomba turudi nyumbani. Amesema hatarudi kwa sasa, na kaka zake wamesema neno lake ndilo neno. Wametaka nirudi na wazee wale wale waliokaa siku ile, niyaseme haya mbele yao, na wewe uwepo. Nimekubali. Nimekubali kwa niaba yako pia, usinikatalie.

Jana asubuhi nilimwambia naandika barua hii, akitaka nimwandikie neno lolote kwako nitaliandika kama atakavyolisema. Akasema, "Hapana, wewe usiniandikie." Akaniomba kalamu, akakaa nayo kizingitini tangu chai mpaka adhuhuri, kwa mkono wa kushoto ambao haujawahi kuandika. Alichana karatasi tatu. Hii ya nne amenipa, akaniangalia nikiiweka ndani ya bahasha, na akaifunga mwenyewe. Najua ilichosema kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nakuandikia na hapa, isije ikapotea njiani:

Wifi Eliana
mimi sikuunguza karatasi
Stumai